Kamera Inayokuachia Kazi ya Kukadiria

Ndani ya kidirisha cha kuchungulia cha kamera ya Olympus Trip 35 kuna kipande kidogo cha plastiki nyekundu ambacho hukioni mpaka siku kamera itakapokukatalia. Ukibonyeza kitufe mahali penye mwanga hafifu, sebuleni jioni kabla taa hazijawashwa au chini ya mwembe uliofunga majani, kipande hicho huinuka mbele ya jicho lako kama ulimi wa mtoto mtundu, kitufe hugoma, na picha haipigwi. Karibu kila mtu niliyewahi kumshikisha kamera hiyo alinirudishia mara ulimi ulipoinuka, akiniomba radhi kwa kuiharibu.

Haikuharibika. Imepima mwanga uliopo, imeona hautoshi kuchora kitu cha maana kwenye mkanda, na imekataa kukupotezea picha moja kati ya 36 ulizonazo. Nimeanza na ulimi huo kwa sababu unaonyesha mahali ambapo kamera hii inaachana na simu. Simu haikatai: penye giza hupiga picha kadhaa mfululizo, huzipanga moja juu ya nyingine, hujaza kilichopungua, kisha humkabidhi mwenye simu picha safi ambayo mchango wake ndani yake ni kidole tu. Kamera sahili ya zamani hufanya kazi chache mno ukilinganisha na hapo, na zile inazoziacha bila kuzifanya ndizo ninazotaka kuzijadili.

Kampuni ya Olympus ya Japani ilianza kuuza Trip 35 mwaka 1967 na ikaendelea kuitengeneza hadi 1984. Ziliuzwa kwa mamilioni, na ndiyo maana bado zinapatikana katika masoko ya mitumba ya dunia kwa bei isiyomtisha mtu. Lenzi yake ni ya milimita 40, haibadilishwi, na spidi zake, yaani muda ambao mwanga huachiwa uingie, ni mbili tu, sehemu ya 40 ya sekunde na sehemu ya 200 ya sekunde. Haitumii betri kabisa. Kuizunguka lenzi kuna duara la vioo vidogo vidogo mfano wa jicho la nzi, na nyuma ya vioo hivyo kuna seleniamu, elementi ambayo ikipigwa na mwanga huzalisha umeme kiasi. Umeme huo husogeza mshale mwembamba ndani ya kamera, na unapobonyeza kitufe mshale hubanwa pale ulipofika, ukaamua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani na spidi ipi itumike. Ni ufundi wa saa ya ukutani zaidi kuliko ufundi wa kompyuta, na umedumu zaidi ya nusu karne kwa sababu hiyo hiyo.

Wanaozisifu kamera za namna hii huwa na sababu mbili midomoni: kwamba picha ya mkanda ina uzuri ambao kompyuta haijaufikia, na kwamba watu wamechoshwa na mambo mapya na wana hamu ya yale ya zamani. Sababu ya kwanza ina ukweli mdogo. Chembechembe za mkanda mweusi-mweupe zinapendeza, lakini leo zinaigizwa na programu yoyote ya simu kiasi kwamba mtazamaji wa kawaida hatofautishi. Ya pili nitairudia. Ninavyoona mimi, raha ya kamera sahili ya mkanda iko katika kukadiria. Mpigapicha anaachiwa makadirio machache anayoweza kuyafanya kwa mwili na akili yake mwenyewe, anayafanya bila kuonyeshwa jibu, na jibu linakuja baada ya majuma, wakati ambapo hawezi tena kulirekebisha.

Kadirio la kwanza ni umbali. Kwenye pete ya lenzi kuna vipicha vinne: mtu mmoja, watu wawili, kundi la watu, na mlima. Kipicha cha kwanza ni cha umbali wa mita 1, cha pili mita 1.5, cha tatu mita 3, na mlima ni kwa kila kilicho mbali. Kidirisha unachochungulia ni kioo kitupu kisichopitia kwenye lenzi, kwa hiyo ukikosea hakikuonyeshi ukungu wowote. Uso wa shemeji yako utaonekana mkali kabisa pale kidirishani na utaukuta umeyeyuka kwenye karatasi. Ni wewe unayepaswa kujua kwamba shemeji yuko mita 1.5 na siyo mita 3.

Hapo ndipo niligundua kwamba mita yenyewe haina msaada mkubwa kwa mtu aliye katikati ya mazungumzo. Kilichonisaidia ni vipimo walivyotumia wazee wetu na ambavyo wavuvi na mafundi hawajaviacha: shibiri, dhiraa, na pima. Mita moja ni dhiraa mbili na kidogo, yaani nikinyoosha mkono nikapungukiwa na mkono mwingine kumfikia mtu, nimefika kwenye kipicha cha kwanza. Pima ni upana wa mikono miwili iliyotanuliwa, na mita 1.5 ni pima iliyopungua shibiri moja hivi. Pima mbili pungufu ni kundi la watu. Baada ya mikanda mitatu au minne jicho huanza kupima lenyewe, na ujuzi huo haubaki kwenye kamera. Nimejikuta nikikadiria upana wa chumba na urefu wa kitambaa kwa usahihi ambao zamani sikuwa nao. Ninaukubali upuuzi wa kujivunia jambo ambalo kila mshona nguo analifanya kabla ya chai ya asubuhi, lakini najivunia.

Ukali wa kadirio hilo hutegemea mwanga, na hapa pwani mwanga ni mkarimu. Ukiweka mkanda wa ASA 400 (ASA ni kipimo cha wepesi wa mkanda kunasa mwanga) kwenye Trip 35 na kupiga saa saba mchana ufukweni, mshale wa seleniamu utalibana tundu la lenzi hadi namba 22, ambayo ni tundu dogo kuliko yote iliyo nayo. Tundu likiwa dogo namna hiyo, na pete ikiwa kwenye kipicha cha kundi, kila kitu kuanzia mita moja na nusu kasoro mpaka upeo wa macho kitatoka kikali. Kukosea umbali kunakuwa kugumu kuliko kupatia. Lakini jua likishashuka, tundu likafunguka hadi namba 2.8, ambayo ndiyo kubwa kuliko yote, mambo hugeuka: ukimlenga mtu aliye mita 1.5 eneo lote lenye ukali halizidi shibiri moja, na akiinama tu kuchukua kikombe amekwisha kutoka nje ya picha yako. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua halichezi; kati ya kuzama kwake na giza la kweli kuna dakika 20 na ushei, na ndani ya dakika hizo kamera husafiri kutoka kwenye usamehevu hadi kwenye ukali wa mwalimu wa zamu, kisha ulimi mwekundu huinuka na kazi ya siku ikaisha.

Kadirio la pili ni la mwanga wenyewe, na wasomaji wengi wa miongozo ya kamera hizi huambiwa kwamba hilo limekwisha kufanywa na seleniamu. Si kweli, na hasa si kweli kwetu. Kipimo kile hakijui uso ni nini. Kinachukua mwanga wote unaotoka mbele ya kamera na kuusawazisha, kikiamini kwamba dunia kwa wastani ina rangi ya kijivu. Msimamishe bwana aliyevaa kanzu nyeupe siku ya Idi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na kipimo kitaona weupe mwingi, kitalibana tundu, na uso wa bwana huyo utatoka kama kivuli kilichovishwa kofia. Mpige mama aliyevaa buibui jeusi kivulini na kipimo kitafanya kinyume chake. Kosa la kwanza ni baya kuliko la pili, kwa sababu mkanda wa negativi, ambao penye mwanga huwa peusi na penye giza huwa peupe, unastahimili mwanga uliozidi maradufu au hata mara nne bila kulalamika sana, ilhali mwanga uliopungua haurudishwi na mtu yeyote. Palipokosa mwanga hapana kitu kwenye mkanda, ni utupu.

Dawa yake ni rahisi, na imo katika pete ndogo iliyoko kwenye lenzi inayotumika kuieleza kamera spidi ya mkanda. Nikiwa na mkanda wa ASA 400 na watu waliovaa nyeupe, huidanganya kamera kwamba mkanda ni wa 200. Itafungua tundu zaidi, uso utapata haki yake, na kanzu itabaki na mikunjo yake. Udanganyifu huo mdogo ni wa kukadiria: hakuna alama inayokwambia lini uufanye. Lazima umtazame mtu, rangi ya uso wake, nguo yake na ukuta ulio nyuma yake, kisha uamue.

Suala hili lina historia isiyopendeza. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi za Amerika ya Kaskazini zilisahihisha rangi kwa kutumia kadi za mfano za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizokuja kuitwa Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyewahoji waliokuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo, ameeleza kwamba msukumo wa kuboresha namna mikanda ya rangi inavyoonyesha kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautishiki pichani. Nyuso zilifaidika kwa mlango wa nyuma. Mwenye studio wa pwani hakuwa na nafasi ya kungoja chokoleti. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, au N. V. Parekh, aliyekuwa na studio yake Mombasa, walifanya kazi ya mweusi-mweupe na walipaswa kujua kwa jicho taa iwekwe wapi ili kila mteja, wa rangi yoyote, atoke studio na uso wake mwenyewe. Mtu anayeshika Trip 35 leo na kugeuza pete ya ASA kwa ajili ya kanzu anarudia, kwa kiwango kidogo sana, kazi waliyoifanya wao kila siku.

Kuhusu hoja kwamba kamera za namna hii ni vitu vya kuchezea, sitakaa sana. Kodak ilitoa kamera yake ya sanduku, Brownie, mwaka 1900 kwa dola 1 ya Marekani, na ilikusudia hasa watoto wanunue, kwa sababu faida ilikuwa kwenye mkanda. Zaidi ya nusu karne baadaye mwanafunzi mmoja jijini Dar es Salaam alianza upigapicha kwa Brownie kuukuu. Jina lake Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye mwaka 1984 kamera yake iliipelekea dunia picha za njaa ya Ethiopia. Sitadai kwamba sanduku lile ndilo lililomfanya awe Mo Amin. Ninachosema ni kwamba kifaa kisicho na kitu cha kurekebisha kilimwachia mtoto wa shule mambo mawili ya kujifunza, jua liko upande gani na asimame wapi, na hayo mawili hayajapitwa na wakati.

Sasa nairudia hamu ya zamani. Kama watu wanazifuata kamera hizi kwa sababu ya kumbukumbu, tungetarajia wanunuzi wawe wazee, ilhali wanaozipigania katika minada ya mtandaoni wengi wao ni vijana ambao hawakuwahi kuona baba zao wakipeleka mkanda studio. Na mwaka 2024 Pentax ya Japani ilitoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17, ambayo haijilengi yenyewe: umbali unaukadiria mwenyewe kwa kufuata vipicha, kama kwenye Trip. Inagawa kila fremu ya mkanda nusu kwa nusu ili mkanda wa picha 36 utoe 72, mbinu ambayo Olympus iliifanya maarufu kwa kamera ya Pen iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani mwaka 1959. Wahandisi wa Pentax wangeweza kuweka mashine ya kujilenga. Teknolojia hiyo imekuwapo kwa miongo kadhaa. Waliiacha kazi ya umbali mikononi mwa mnunuzi, na wanunuzi walikuwapo. Chuma kilichochakaa hakihusiki hapo. (Picha 72 kwa mkanda mmoja, kwa maoni yangu, ni nyingi mno, mtu huanza tena kupiga bila kukadiria.)

Zaidi ya hayo, katika nchi zetu hamu ya zamani ni jambo la kuzungumziwa kwa tahadhari. Shangazi yangu huwa ananicheka anaponiona nimeinamia kamera hii. Ndoa yake ilifungwa mapema miaka ya 1980, mpigapicha aliajiriwa, akapiga tangu asubuhi mpaka usiku, na baada ya wiki akaja kusema neno ambalo kila familia ya zama zile ililiogopa: picha zimeungua. Labda mfuniko wa kamera ulifunguka, labda mkanda haukushika meno na haukusogea, labda aliuharibu kwenye dawa. Hakuna aliyejua. Shangazi ana picha moja tu ya siku hiyo, iliyopigwa na mgeni, na yeye ameonekana nusu. Kwa mtu kama huyo, kutojua kama picha imetoka haikuwa raha, ilikuwa kodi aliyotozwa, na simu ilipokuja ikaiondoa kodi hiyo alishukuru kwa haki. Raha ninayoiandika hapa ni ya mwenye hiari: anayeweza kutoa simu mfukoni ulimi mwekundu ukiinuka. Siku ya arusi ya mtu, au mazishi, naiacha Trip nyumbani, na ningemshauri kila mtu afanye vivyo hivyo.

Gharama nayo haifichiki. Mkanda hautengenezwi Afrika Mashariki. Unatoka Rochester, Marekani, kwa upande wa Kodak, au Mobberley, Uingereza, kwa upande wa Ilford, na kila unapovuka mpaka unaongezewa kitu. Bei zake zimekuwa zikipanda katika miaka ya karibuni, na maduka yanayosafisha mikanda ya rangi, ambayo zamani yalikuwa kila mtaa wa biashara, sasa ni ya kutafuta kwa kuulizia. Mimi hutumia mkanda mmoja kwa mwezi, na katika picha 36 huwa ninapata tano au sita ninazoziheshimu. Anayetaka kununua kamera na asiingie hasara zaidi, afanye jaribio la bure: aiweke kwenye herufi A, alama ya kamera kujipimia mwanga yenyewe, azibe lenzi yote kwa kiganja, abonyeze. Ulimi ukiinuka na kitufe kikagoma, aiondoe kiganja na aelekeze kwenye mwanga mkali. Kamera ikikubali sasa, seleniamu iko hai. Ikigoma hata juani, imekufa, na muuzaji asikudanganye kwamba inahitaji betri. Pia amulike tochi ndani ya lenzi kutafuta nyuzi za kuvu, kwa sababu unyevu wa pwani hauna huruma na vioo. Yangu nailaza kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kwa mkanda mweusi-mweupe, hata hivyo, duka halihitajiki, na sehemu hii ya kazi ndiyo inayonipa furaha ya mwisho. Kusafisha mkanda nyumbani kunahitaji debe dogo lisilopitisha mwanga, dawa mbili, na maji. Tatizo ni maji. Maelekezo yote yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kipimo chao cha kawaida ni nyuzi 20 za Selisiasi: mkanda wa Ilford HP5 Plus katika dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji zaidi huchukua dakika 7 na nusu kwa joto hilo. Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya mwaka yako juu ya hapo kwa nyuzi kadhaa, na dawa ikiwa na joto hufanya kazi kwa pupa; kwenye nyuzi 24 muda hushuka hadi dakika 5 na ushei, na ukizidi hapo dakika zinakuwa chache kiasi kwamba kuchelewa kumimina kwa sekunde 20 kunaonekana kwenye picha. Kwa hiyo mwandishi huyu huonekana Jumamosi usiku na beseni, vipande vya barafu kutoka kwa muuza juisi, na kipimajoto, akibembeleza chupa ya dawa ipoe. Mara ya kwanza niliamini maelekezo kuliko maji yangu, na nikatoa negativi nyeusi kama lami. Nalo lilikuwa kadirio.

Limebaki kadirio moja ambalo sikulitegemea, nalo halifanywi na mpigapicha. Kwa mkanda, aliyepigwa hawezi kuonyeshwa kitu. Zamani hali hii ilikuwa na utaratibu wake: wapigapicha waliokuwa kando ya kivuko cha Likoni miaka ya 1990, na mapazia yao yaliyochorwa meli na ndege, walimpiga msafiri leo na kumkabidhi picha siku nyingine, na baina ya siku hizo mbili palikuwa na imani. Simu imefuta pengo hilo. Mtu akipigwa huja mwenyewe upande wako, anajitazama, anakataa, anaomba irudiwe, na mwishowe picha inayobaki ni ile aliyoiidhinisha.

Miezi michache iliyopita nilimpiga mzee mmoja mshona nyavu kule Kunduchi, saa saba mchana, pete ikiwa kwenye kipicha cha kundi. Alikubali kwa kichwa, akaendelea kushona, na kitufe kiliposhuka akainuka, akaja kuuzunguka mkono wangu kutazama nyuma ya kamera. Alikuta mfuniko mweusi.

"Iko wapi?" akauliza.

"Iko ndani, mzee. Mpaka mkanda uishe, nikausafishe."

Alinitazama kuanzia viatuni mpaka kofiani, na nilijua ninachokadiriwa. Kisha akasema, "Haya. Wakija wengine na hizi simu hawarudi. Wewe tutakuona."

Nilimwahidi wiki mbili. Zilikuwa sita, kwa sababu mkanda ulikuwa umebaki na picha 14 na mimi huwa sipigi ovyo, na kwa sababu barafu iliyeyuka mara moja na nikaahirisha. Nilipofika na bahasha nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akaipokea picha kwa mikono miwili akaisogeza mbali na macho. Aliitazama kwa muda mrefu. Aliniambia niandike tarehe nyuma, nikaandika. Halafu akaweka kidole juu ya kona ya kushoto, nyuma kabisa, penye ngalawa iliyopinduliwa, ambapo kijana mmoja alikuwa ameketi akila muhogo, mkali kama aliyepigwa peke yake. Sikuwa nimemwona siku ile. Tundu lilikuwa namba 22 na jua lilikuwa utosini. Kamera ilimchukua pamoja na kila kitu kingine.

"Huyu ni mjukuu wangu," mzee akasema. "Naye anataka yake."